Mnada wa korosho uko mtandaoni, waya bado uko sakafuni

WAKULIMA wa korosho wa Masasi na Newala, waliozoea kuona bahasha za wanunuzi zikitolewa kwenye sanduku na kusomwa mbele yao, tangu Oktoba 2024 wanatazama skrini. Mnada umehamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, na mkulima aliyekaa chini ya mkorosho anaiona bei ikitokea pale pale uwanjani. Katika mnada wa kwanza wa msimu ule bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na hadi msimu unafungwa nchi ilikuwa imekusanya zaidi ya tani 500,000.

Hata hivyo, skrini ya uwanjani ni kipande kimoja tu cha safari ndefu. Korosho hupimwa kwenye chama cha msingi (AMCOS), jina la mkulima na uzito huandikwa, mzigo hupelekwa ghala kuu, stakabadhi hutolewa, ndipo mnada ufanyike. Mnunuzi akishalipa, fedha hushuka hadi kwenye akaunti ya mkulima benki. Juu ya vyama vya msingi wapo MAMCU, wanaohudumia Masasi, Nanyumbu na Mtwara, na TANECU wa Tandahimba na Newala. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kufuatia sheria ya mwaka 2005, na kwa miaka mingi uliendeshwa kwa vitabu, kaboni na mihuri. Siku hizi kazi nyingi hupita kwenye MUVU, mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama vya ushirika.

Kila moja ya hatua hizo huanzia kwenye meza ya karani. Na si vigumu kukuta meza ambayo waya wake wa mtandao umepita chini ya mlango, ukakanyagwa, ukazungushwa kwenye mguu wa kabati na kuishia kwenye swichi ndogo iliyowekwa juu ya boksi la karatasi. Ulimi wa plagi umevunjika zamani, kwa hiyo plagi imeshikiliwa na selotepu. Mtu akisogeza kiti, kompyuta inapoteza mtandao, na orodha ya malipo iliyokuwa inapakiwa inaanza upya.

Kwa mkulima, siku za kusubiri malipo zina bei yake. Ada ya shule ya Januari haisubiri, wala deni la dukani. Hapo ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba, anayelipa taslimu nje ya utaratibu kwa bei anayoitaka yeye. Tuchukue mkulima mwenye kilo 1,000 ambaye amepeleka 800 chamani, kisha akauza 200 kwa kangomba kwa shilingi 2,000 kila kilo wakati mnadani bei ni 4,000. Amepoteza shilingi 400,000 kwa kuhofia kusubiri.

Ni haki kusema kwamba waya mbovu si chanzo pekee cha malipo kuchelewa, na huenda si kikubwa. Wapo wanunuzi wanaochelewa kulipa, yapo majina yasiyolingana na akaunti, upo umeme unaokatika, na yapo mambo ya uongozi ambayo mkutano mkuu wa chama unayajua vizuri zaidi. Lakini katika orodha hiyo yote, waya ndicho chanzo kinachoweza kumalizwa mara moja, kwa fedha inayohesabika, na fundi akaondoka.

Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Upande wa kusini mkongo huo unapita Lindi, Mtwara, Masasi na Tunduru kuelekea Songea. Mei 12, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini, nchi nzima ilijua uzito wa waya ambao hakuna aliyewahi kuuona. Ofisi ya Newala haiwezi kufanya lolote kuhusu kilichokatika chini ya bahari. Inachoweza kusimamia ni mita 30 za mwisho, kutoka ukutani hadi mezani.

Waya kama sehemu ya jengo

Wazo lenyewe ni rahisi, na kila aliyejenga nyumba yenye umeme analifahamu. Hakuna anayevuta waya kutoka kwenye nguzo ya TANESCO hadi kwenye kila taa. Umeme unaingia sehemu moja, unagawanywa kwenye boksi la fyuzi, kisha kila chumba kinapata soketi yake ukutani. Mtandao wa kompyuta uliopangwa vizuri hufanya hivyo hivyo. Kunakuwa na chumba kimoja au kona moja yenye kabati la chuma ambalo mafundi huliita raki. Kutoka hapo, kila meza ina waya wake peke yake unaopita ndani ya bomba au mfereji wa plastiki hadi kwenye soketi. Mwisho wa waya kule kwenye raki hufungwa kwenye paneli yenye namba, na kutoka kwenye paneli waya mfupi huingia kwenye swichi.

Faida yake ni kwamba waya wa ukutani hauguswi tena. Kinachochomolewa na kuchomekwa kila siku ni vipande vifupi vya pande zote mbili, na hivyo vikiharibika hubadilishwa na karani mwenyewe kwa dakika moja. Karani akihama chumba, fundi haitwi. Waya mfupi unahamishwa kutoka namba 7 kwenda namba 12 basi.

Kabla ya miaka ya 1990 kila kampuni ya kompyuta duniani ilikuwa na waya wake na plagi zake, na ofisi iliyobadilisha kompyuta ilibomoa kuta. Julai 1991 Wamarekani walitoa kiwango kinachojulikana kama TIA-568, na mwaka 1995 kikafuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 11801. Tangu hapo waya umekuwa wa jengo, si wa kampuni iliyouza kompyuta. Ndiyo maana ofisi iliyofungiwa waya mzuri miaka ya 2000 ikiwa na kompyuta zenye vioo vizito vya kizamani inaweza kuutumia waya ule ule leo.

Waya wenyewe una nyuzi nane za shaba zilizosokotwa mbili mbili, jozi nne. Usokotaji huo si pambo. Ndio unaozuia kelele za umeme wa jirani zisiingie, na ndiyo sababu fundi anayefumua jozi kwa sentimeta tano ili apate nafasi ya vidole vyake anaharibu kazi. Kiwango kinataka kisifumuliwe zaidi ya milimita 13. Waya usikunjwe kama kamba ya mbuzi. Mkunjo wake uwe na nusu kipenyo kisichopungua mara nne ya unene wa waya. Usilazwe ndani ya bomba moja na waya wa umeme. Na urefu wote, kutoka swichi hadi kompyuta, usizidi mita 100, yaani 90 za ukutani na 10 za vipande vya pande mbili.

Mita 100 zinaonekana nyingi hadi mtu asimame kwenye ghala. Maghala ya korosho ni majengo marefu, na kiwanja chenye ofisi mbele, mizani getini na ghala nyuma humaliza mita hizo upesi, hasa waya unapozunguka kufuata ukuta. Viwanda vya korosho vilivyojengwa Masasi na Newala enzi za mikopo ya Benki ya Dunia ni mfano mzuri: hakuna fundi atakayevifunga kwa shaba peke yake kutoka kona moja hadi nyingine.

Kuhusu aina ya waya, ushauri wa mtu anayehesabu fedha za chama ni huu: Cat 6 inatosha. Cat 5e nayo hupitisha gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na aliyenayo tayari asiibomoe. Cat 6 inafika gigabiti 10 kwa umbali mfupi wa hadi mita 55. Cat 6A inayofikisha kasi hiyo mita 100 ni ya vituo vya data vya benki. Kuifunga kwenye ofisi ya karani wanne ni kununua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Shaba bandia

Tatizo kubwa zaidi sokoni si namba iliyoandikwa juu ya boksi. Ni kilichomo ndani. Zipo nyaya zinazouzwa kwa bei ya chini zikiwa zimeandikwa Cat 6, lakini nyuzi zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kiwango kinadai shaba tupu. Aluminiamu ina ukinzani mkubwa zaidi kwa umeme, hukatika haraka ikikunjwa, na hupata joto zaidi pale waya unapobeba umeme wa kuendesha kamera.

Hilo la mwisho si dogo, kwa sababu kamera za ulinzi ghalani siku hizi hupata umeme kupitia waya huo huo wa mtandao. Kiwango cha kwanza cha mwaka 2003 kiliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu la swichi. Cha mwaka 2018 kinafika wati 90. Kamera inayozima usiku na kuwaka mchana huenda haina kosa lolote. Waya ndio unaoshindwa.

Kuitambua aluminiamu hakuhitaji mashine. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha boksi dukani. Boksi la kweli la mita 305 ni zito kiasi cha kumsumbua mtu kulinyanyua kwa mkono mmoja, wakati la bandia ni jepesi. Kamati ya ununuzi ya chama ifanye jaribio hilo kabla ya kusaini hati ya mapokezi, tena mbele ya muuzaji.

Salfa, radi na panya

Vitabu vya ufungaji wa mitandao vimeandikwa kwa ajili ya majengo yenye viyoyozi. Havimjui ubwiriunga. Ugonjwa huo wa ukungu mweupe kwenye maua ya mkorosho ndio uliofanya salfa ya unga iwe pembejeo ya lazima kusini, na kila mwaka kuanzia Mei mifuko yake hupangwa kwenye maghala ya vyama, mara nyingi chumba cha pili tu kutoka kwa karani. Unga wake ni laini na huingia kila mahali.

Salfa na shaba hawakai nyumba moja. Salfa huifanya shaba na fedha ziwe nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Wahandisi wa viwandani hutumia mvuke wa salfa kwa makusudi wanapotaka kupima kama dhahabu iliyopakwa kwenye kiunganishi ina matundu. Kwenye ofisi ya chama kipimo hicho kinafanyika bure kila msimu. Miguso ya plagi nzuri imepakwa dhahabu ya kutosha na huhimili. Ya plagi za bei ya kutupa imepakwa rangi ya dhahabu tu. Ndani ya swichi na kifaa cha kutunza umeme kuna miguso midogo ya fedha na shaba ambayo hakuna anayeiona ikioza, hadi siku kifaa kinapokataa kuwaka.

Kwa hiyo mahali pa raki ni suala la kwanza, kabla ya bei. Iwe upande wa pili wa jengo, mbali na stoo ya salfa, ndani ya kabati lenye mlango unaofungwa. Matundu ya soketi yasiyotumika yafunikwe. Feni ya kabati isivute hewa kutoka upande wa stoo. Haya hayagharimu kitu ikiwa yataamuliwa mapema.

Adui wa pili anatoka juu. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na anayesimama Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma likiwa chini kabisa. Mvua huanza Novemba au Desemba, katikati ya miezi ya minada, na huja na radi. Kosa linalorudiwa ni kuning'iniza waya wa shaba angani kutoka ofisini hadi ghalani. Radi si lazima ipige waya wenyewe. Ikipiga karibu, majengo mawili yenye ethi tofauti hupishana nguvu ya umeme, na njia rahisi ya kusawazisha tofauti hiyo ni waya huo, ukipita kwenye swichi na kompyuta.

Kati ya jengo na jengo upitishwe faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Kioo hakipitishi umeme wa radi, mradi faiba inayochaguliwa isiwe na waya wa chuma ndani ya ganda. Tena inavuka kikomo cha mita 100 bila shida. Kinachohitajika pande zote mbili ni kifaa kidogo cha kugeuza mwanga kuwa umeme. Raki nayo ifungwe ethi ya kweli iliyounganishwa na ethi ya jengo, si msumari uliochomekwa kwenye udongo mkavu nje ya dirisha.

Panya hawana haja ya maelezo. Wanafuata harufu ya korosho, na wakifika wanatafuna kilicho njiani. Waya uliolala juu ya silingibodi bila bomba ni wao.

Nani asinunue

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na nyaya wakati kuna waifai na modemu za laini za simu. Ni swali la haki. Chama cha msingi chenye kompyuta moja, printa moja na modemu hakihitaji mtandao wa nyaya. Fedha yake ni afadhali inunue betri na paneli ya sola, kwa sababu umeme utamsumbua karani kabla ya waya. Anayekishauri chama cha namna hiyo kifunge raki anatafuta tenda.

Hesabu inabadilika zinapofika kompyuta tano au sita, kamera, mizani iliyounganishwa na kompyuta, na watu waliojaa ukumbini wakiwa na simu mkononi. Waifai ni hewa moja inayogawanywa kwa wote. Kuta nene za matofali ya kuchoma zinainyonya, mabati yanairudisha, na siku ya malipo kila simu iliyomo ukumbini inadai sehemu yake. Mahali pake ni kwa wageni na simu. Kompyuta ya malipo, printa ya stakabadhi na kamera zikae kwenye waya. Na hata waifai yenyewe hutoka kwenye kifaa kilichofungwa darini, ambacho kinahitaji waya kukifikia.

Hali hiyo si ya vyama vikuu pekee. Shule zenye chumba cha kompyuta, zahanati na hospitali, nyumba za wageni zinazojaa wanunuzi msimu ukifika, na maduka ya jumla ya Masasi yenye tawi na stoo wapo kwenye hesabu hiyo hiyo.

Tuchukue ofisi yenye meza 10. Kila meza ipewe matundu mawili, jumla 20, na wastani wa mita 25 kila moja. Hizo ni mita 500, yaani maboksi mawili ya mita 305, na mita 110 za akiba. Paneli ya matundu 24, swichi ya matundu 24, kabati, mabomba na kazi ya fundi vinaongezwa. Kuongeza tundu la pili wakati bomba liko wazi ni bei ya waya tu. Kulirudia mwaka ujao ni bei ya fundi, ngazi, plasta na rangi.

Kwa wanachama, njia nzuri ya kuipima bei ni kuigeuza kuwa kilo, kwa sababu kila shilingi ya chama imekatwa kwenye kilo za mkulima. Chama kinachokusanya tani 1,000 kikikata shilingi moja kwa kilo kinapata shilingi milioni moja. Chama kikuu kinachopitisha tani 50,000 kikikata senti 50 tu kinapata milioni 25. Mwanachama akishikilia kipimo hicho mkononi anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza: waya huu ni shilingi ngapi kwa kilo, kwa misimu mingapi? Kompyuta hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hivi. Waya mzuri wa ukutani unakaa miaka 15 au zaidi. Cha ajabu, kwenye makisio mengi kompyuta hutajwa kwa idadi na aina, wakati waya huishia kwenye fungu la mengineyo, na ndiyo maana hununuliwa wa bei ya mwisho.

Kwa anayejenga nyumba ya kuishi kwa fedha za korosho, ushauri ni mfupi. Kabla ya kupiga plasta, laza mabomba matupu ya plastiki kutoka sebuleni hadi kila chumba na hadi darini, ukiacha kamba ndani yake ya kuvutia waya siku za usoni. Waya wenyewe unaweza kusubiri misimu mitatu.

Fundi atakayepewa kazi awe na leseni ya TCRA ya ufungaji, na mkataba useme wazi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kila tundu kupimwa. Kifaa cha taa nane kinachoonyesha tu kwamba nyuzi zimefika hakitoshi. Kipo kipimaji kinachosoma urefu, kelele na upotevu wa nguvu, na mkandarasi asiyekuwa nacho akakikodi. Rangi za nyuzi zifungwe kwa mpangilio mmoja jengo zima, A au B. Kila soketi iandikwe namba inayolingana na paneli, na ramani ya namba hizo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, nakala nyingine iwe kwa meneja. Fundi akihama, ramani inabaki.

Kuhusu wakati, kati ya mnada wa mwisho na lori la kwanza la salfa kuna miezi kama mitatu ambayo ofisi za vyama hupumua. Kazi za ndani zinaweza kufanyika Februari na Machi mvua ikiendelea kunyesha. Mtaro wa faiba kutoka ofisini hadi ghalani uchimbwe mvua zikikatika, na ufukiwe kabla mifuko ya salfa haijaanza kushushwa.